Maneno ya Waya

Ng'ambo, Tabora
4 Machi 1973

Kwa mla nazi Abasi, Magomeni, Dar es Salaam

Mtani,

Mimi ni mzima wa ulimi, na kwako hilo latosha. Miguu imeanza kuvimba jioni jioni, lakini miguu ya Mnyamwezi ilishatembea sehemu yake. Babu yangu alibeba pembe begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akapita kwenu Uzaramo, mkamla kuku wake wa njiani huku mnamcheka anavyotembea. Ndipo utani wetu ulipoanzia, na mpaka leo hamjatuomba radhi.

Sasa sababu ya barua. Nimenunua daftari la kurasa mia moja dukani kwa Fazal, naandika ndani yake maneno yetu ya waya kabla hayajaniponyoka. Chanzo ni Nyamizi. Huyu binti yangu tangu awe mwalimu ananisahihisha hata salamu. Juzi kaniuliza, "Baba, hicho mnachoandikiana na Baba Mdogo Abasi ni lugha gani?" Nikamwambia ni lugha ya watu wawili. Akasema lugha ya watu wawili si lugha, ni tabia mbaya. Basi nimeamua kumwonyesha.

Wewe unajua, lakini daftari halijui, kwa hiyo nimelianzia mbali. Nimeandika kwamba tuligonga waya miaka kumi na mitatu, mimi karani wa simu stesheni ya Tabora, wewe Dar es Salaam, kabla sijauona huo uso wako. Nimeandika kwamba Wazungu wetu walikuwa na Kiingereza cha namna mbili, cha barua na cha kulegeza tai, na sisi tuliokota hicho cha pili, tukakivisha kanzu, tukakipeleka kwenye waya wao wenyewe ili wasituelewe. Ukurasa wa kwanza umekaa hivi:

Olichapu. Walivyoitana wakiwa wamefurahi. Kwetu sisi ni mtu ambaye humpi shikamoo wala humwelezi sababu.

Hariapu. Acha ulichoshika, njoo.

Tipitopu. Mambo safi, hata kama si safi.

Fedapu. Kuchoka, ila si kuchoka kwa jembe. Ina namba. Fedapu namba tatu ni kuchoshwa na kazi. Namba mbili ni kugombana nyumbani au kuugua. Namba moja hatukuwahi kuigonga, tuliiweka akiba.

Chirio. Nafunga waya, kwaheri.

Nimefika maneno arobaini na moja na nina hakika yalikuwa zaidi ya sitini. Mengine unayo wewe kichwani, kama hayajazama kwenye tui. Nitumie. Nitumie na haya mapya ya vijana wa Dar, nasikia huko kila wiki wanazua neno. Au njoo mwenyewe. Njoo Juni, tulimalize pamoja daftari hili. Nasema kweli, njoo.

Chirio,
Sulemani


Magomeni, Dar es Salaam
19 Machi 1973

Mpagazi wangu Sulemani,

Hee! Kumbe bado una mkono wa kuandika! Nilidhani huko kwenu mmeshaanza kutafuna kalamu.

Daftari lako limenifurahisha, wallahi sikufichi. Nimewasomea watu hapa barazani, wamecheka mpaka mmoja kamwaga kahawa. Maneno mapya haya hapa, andika vizuri. Yule Mwafrika aliyepewa kiti cha Mzungu ofisini, akanunua na miwani, vijana wanamwita naizi. Suruali pana chini, inayofagia barabara, ni bugaluu. Viatu vya kisigino kirefu kama tofali ni raizoni. Mjukuu wangu anavaa vyote viwili. Akipita uwani kuku wanakimbia, na mimi nabaki namwombea asianguke kisimani. Hilo la kisimani ni langu, usilitie daftarini.

Ama kuhusu kuja, bwana wee, unanionaje? Unadhani nimesahau mwaka hamsini na nane? Nilikugongea waya kwamba Abasi amekufa, hariapu na sanda. Ukapanda treni siku mbili za watu kukanyagana, na sanda ya marekani kwapani, unalia kila stesheni. Ukaingia Magomeni ukanikuta barazani nakula bokoboko. Lo! Ule uso wako, Sulemani! Sanda nikakunyang'anya, haki ya mtani, nikashona kanzu, na Idi zote tatu zilizofuata niliivaa. Nawe ukasimama mbele ya majirani ukaapa: "Siku moja na mimi nitakufa, utakuja mbio, utanikuta nakula ugali." Walikusikia mtaa mzima. Miaka kumi na mitano nangoja hicho kifo chako cha uongo, halafu leo unaniambia njoo, "nasema kweli". Hunipati.

Maneno yangu nitayakumbuka polepole. Msalimie mwalimu.

Tipitopu,
Abasi


Ng'ambo, Tabora
12 Mei 1973

Baba Mdogo Abasi,

Shikamoo. Natumaini wewe na wa nyumbani wote hamjambo.

Barua hii nimeiandika bila kutumwa. Baba anaumwa. Miguu imevimba mpaka magotini, na akilala chali pumzi zinakata, kwa hiyo siku hizi analala ameketi, na mto mgongoni. Daktari amesema moyo umechoka. Amempa dawa ya kupunguza maji mwilini, inampunguza kidogo, kisha yanarudi.

Yeye hajakueleza kwa sababu hajui kumweleza mtu jambo kama hilo. Lakini anakutaja kila siku. Mkononi ana lile daftari, akikwama kwenye neno anasema, "Hili analo Abasi." Ukipata nafasi, tafadhali njoo umwone. Nimeandika kwa Kiswahili cha kawaida makusudi, ili usidhani ni mchezo wenu.

Mwanao,
Nyamizi Sulemani

Olichapu, ni mimi hapa chini. Mtoto kaniachia bahasha niibandike stempu, nikaifungua. Kusoma za watu ndiyo kazi iliyonilisha miaka yote, sikuweza kujizuia. Msamehe, ameandika kama tangazo la msiba. Mimi ni fedapu namba mbili na nusu tu. Lakini hilo la kuja amesema vizuri. Njoo, ugali upo jikoni. S.


Magomeni, Dar es Salaam
25 Mei 1973

Mpagazi,

Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma. Sasa umemtia na mtoto! Mwalimu mzima, mwenye cheti, anakaa anaandika uongo kwa hati nzuri namna ile, halafu wewe kwa tamaa yako unashindwa kunyamaza, unaandika chini kabisa "ugali upo jikoni". Ungeiacha barua ya Nyamizi peke yake ningekamatika, nakuapia. Nilishaanza kumwambia mke wangu anitafutie sanduku. Kisha nikafika chini nikakukuta umesimama mlangoni na mwiko wako.

Nyamizi mwanangu, marahaba. Hongera, umerithi. Mwambie baba yako mtego hautegwi huku unachekacheka.

Neno la wiki hii sina, vijana wako kwenye mitihani. Nimekumbuka moja la zamani, bilaimi, la kushtuka. Mzungu wangu alilisema siku nyoka alipoingia ofisini. Liandike.

Abasi


Ng'ambo, Tabora
10 Juni 1973

Mtani,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliiandika kama anavyoandika mwanangu, hali yangu si nzuri, nakuomba hiki na hiki. Nikaisoma, nikaona imeandikwa na karani wa wilaya, nikaichana. Ya pili hivyo hivyo. Miaka thelathini sijawahi kukuambia jambo lolote kwa maneno ya watu wote. Hata mama yake Nyamizi alipofariki nilikugongea maneno yetu, ukanielewa, ukaninyamazia kwenye waya nusu saa nzima, msimamizi wako anafoka. Nikianza leo kukuandikia kama serikali, nitakuwa nimeshafika mahali ambapo sitaki kufika.

Kwa hiyo nakuambia: fedapu namba mbili, tena imekaa karibu na mlango. Basi.

Nimefika maneno hamsini na sita. Liko moja linanitesa. Lile tulilogonga wakati mmoja wetu anataka kufunga waya na mwingine bado hataki. Nalisikia kidoleni, mdomoni halifiki. Nimemwuliza Nyamizi kama aliwahi kunisikia nikilisema, anasema hapana, sisi hatukuwa tunayasema, tulikuwa tunayagonga. Ni kweli. Nimegonga meza asubuhi nzima na halikuja. Unalo wewe. Lilete kwa mguu wako.

Mwandiko umepinda, usicheke. Ni meza.

Sulemani


TELEGRAMU
Tabora, 3 Julai 1973

ABASI MAGOMENI DAR ES SALAAM
OLICHAPU HARIAPU TABORA FEDAPU NAMBA MOJA
SULEMANI


TELEGRAMU
Dar es Salaam, 4 Julai 1973

SULEMANI NGAMBO TABORA
USIFE UGALI HAUJAIVA SANDA NIMESHONA KANZU SINA NYINGINE TIPITOPU
ABASI


Magomeni, Dar es Salaam
15 Julai 1973

Mpagazi wangu,

Mbona kimya? Umenuna? Mtani hanuni, ukinuna nachukua mbuzi. Nilitegemea telegramu ya matusi siku ya pili yake, nikakaa nyumbani makusudi nimsubiri mtu wa posta. Hakuja. Nikasema atakuja Jumatatu. Leo Jumapili ya pili.

Nikusifu kidogo. Ile namba moja ilikuwa kazi ya fundi. Miaka yote hiyo umeiweka, ukaitoa siku hiyo. Nilipoiona nilisimama pale mlangoni, moyo ukaruka, kisha nikacheka zaidi. Mke wangu akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia huyu Mnyamwezi nusura anikamate.

Nikwambie na jingine, usije ukavimba kichwa. Neno lako nimelikumbuka. Nilikuwa msalani, ndipo likaja. Wetabiti! Mzungu wako alikuwa akimwambia boi wake hivyo, anyanyuapo sahani kabla hajamaliza kula. Wetabiti, bado, usifunge. Wewe ndiye uliyekuwa ukiligonga zaidi, kila jioni, mimi nataka kwenda zangu nyumbani nawe wetabiti, wetabiti, na huna la maana la kusema. Unaniambia mvua imenyesha Tabora.

Nilitaka kulileta kwa mguu, ulivyosema. Nimefikiri sana wiki hii. Ukinijibu hata mstari mmoja nitapanda. Nitakubali unikute mjinga, nile huo ugali, watu wa Ng'ambo wanicheke wamalize. Mstari mmoja tu.

Abasi


Ng'ambo, Tabora
18 Julai 1973

Mzee Abasi,

Shikamoo.

Baba alifariki Alhamisi tarehe 5 Julai, alasiri. Tulimzika Ijumaa baada ya sala. Watu walikuja wengi, hata wa stesheni.

Telegramu yako ilifika Jumatano asubuhi. Nilimsomea. Alicheka, kisha akakohoa, kisha akaomba nimsomee tena.

Jeneza lilipotaka kutoka wazee waliniuliza mtani wake yuko wapi, maana kwetu mtani ndiye wa kushuka kaburini na kusema maneno yake hapo, watu wacheke, marehemu aende bila uzito. Nikawaambia hajafika. Mzee Malek wa msikitini akasema basi, tuzike. Baba yangu akazikwa pakavu.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na Baba alinifundisha nisimwandikie mtu mzima nikiwa na hasira. Bado ninayo, lakini siku zimekuwa nyingi na una haki ya kujua.

Daftari amekuachia wewe. Nitalituma kwa posta.

Nyamizi Sulemani


Magomeni, Dar es Salaam
25 Julai 1973

Mwanangu Nyamizi,

Barua yako nimeipokea juzi. Mjukuu ndiye aliyenisomea, maana nilipofika mstari wa kwanza macho hayakuendelea.

Sina utani leo. Nimeutafuta sina. Nakuandikia kama ulivyoniandikia mwezi wa Mei, kwa Kiswahili cha watu wote, na ningekuwa na akili ningekijibu siku ile ile.

Mimi sikujua. Hilo kwanza. Sikukataa kuja. Mungu ndiye shahidi wangu, nilidhani ananilipa. Ningeletewa telegramu inayosema baba yu mahututi, anakuita, njoo, jina Nyamizi, ningepanda treni na malapa miguuni. Lakini iliyokuja ilikuwa sauti yake, olichapu, hariapu, kila neno lilikuwa yeye na kicheko chake. Nikasema mtu anayekufa hachezi hivi. Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini kwenye waya, na sikujua kwamba hakuwa na maneno mengine ya kuniambia. Ile barua yake ya Juni alinieleza wazi. Niliisoma mara mbili. Nikamwambia mke wangu, jamaa ameiva sasa, ananitega kwa huzuni. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Nyamizi, ni mimi niliyeuanza. Mwaka hamsini na nane nilijifanya maiti, nikaona ni raha. Yeye alipanda. Alilia njia nzima akapanda, akaja na sanda. Hakukaa kujiuliza kama ni utani. Nami nilipoitwa nilikaa nikajiuliza.

Kanzu ile nimeitoa sandukuni. Imekuwa kama kitambaa cha kuchujia tui, sijui niifanyeje. Siwezi kuivaa na siwezi kuitupa.

Naomba mambo mawili. La kwanza, daftari usilitume. Kaa nalo mpaka nije, nikistahili kuja. Niambie kama naruhusiwa arobaini. Najua watu watamngojea mtani aigize, acheze, na sijui kama nitaweza. La pili, nakuomba uniambie siku ile ilikuwaje. Alisema nini. Kama alinilaani niambie. Kama alininyamazia niambie. Usinifiche kitu kwa ajili ya uzee wangu.

Na kama unanilaumu, laumu. Unayo haki.

Baba yako mdogo, kama bado ni baba,
Abasi


Ng'ambo, Tabora
2 Agosti 1973

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma shuleni wakati wa mapumziko, nikashindwa kurudi darasani. Mwalimu Eustadia akanishikia kipindi.

Arobaini ni Jumatatu, tarehe 13. Njoo. Hakuna wa kukuzuia, wala sijamwambia mtu yeyote habari za telegramu. Wazee wamekuwekea koti lake la reli, wanasema mtani atalivaa na kumwiga anavyotembea. Ukiweza, sawa. Ukilia, pia ni sawa, nitakaa karibu nawe. Daftari liko kabatini. Alifikia maneno hamsini na tisa, na la sitini ameacha mstari.

Umeniuliza kama nakulaumu. Nilikulaumu wiki tatu. Nilidhani uliitwa ukakataa, ukatuma na dhihaka juu yake. Sasa najua, na hasira imeondoka, lakini imeniacha na kitu kingine ambacho lazima nikuambie, kwa sababu umeniambia yako yote.

Telegramu ile tuliiandika pamoja. Mimi nilishaandika fomu ya posta kwa mkono wangu: Baba mahututi, anakuita, njoo. Nikamwonyesha. Akasema, "Chana. Abasi akipata hii atajua mimi sipo tena, ni watu wananiandikia. Weka maneno yangu, atanisikia, atakuja." Nikabishana naye. Nikamwambia, Baba, siku hii acha mchezo. Akasema si mchezo. Akanitajia neno moja moja, na alipofika namba moja akanitazama kuona kama nimeandika. Basi nikaipeleka. Ningeweza kuongeza maneno mawili yangu chini, na karani asingenikataza. Sikuongeza, kwa sababu nilitaka kumtii.

Jumatano asubuhi jibu lako likaja. Nilikwambia alicheka na akataka nirudie. Sikukwambia kilichofuata. Alipomaliza kukohoa aliniuliza, "Kapanda?" Mimi nilishaelewa kwamba hujapanda. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kurudi posta mbio nikutumie nyingine, akanishika mkono, hakutaka nitoke. Nikamtazama, nikamwambia, "Amepanda, Baba. Anaondoka na treni ya leo jioni." Akasema, "Nilijua." Akalala vizuri siku ile, usingizi ambao hakuupata mwezi mzima.

Kwa hiyo umeuliza alisema nini juu yako. Hakukulaani. Alhamisi kutwa alikuwa anasafiri nawe. Aliomba saa ya ukutani iletwe aione. Saa mbili asubuhi akasema, "Dodoma. Atashuka kunyoosha miguu, asije akaachwa." Saa sita akasema upo Manyoni. Itigi akasema utanunua asali, nawe hujui kuchagua, utapewa ya sukari guru. Kila akitaja stesheni mimi naitikia, ndiyo Baba. Muuguzi Veneranda alikuja kumpima akaniuliza pembeni, mgeni wenu anafika saa ngapi? Nikamwambia jioni. Na yeye nikamdanganya.

Baada ya Malongwe alianza kuishiwa pumzi, lakini hakutaka kulazwa. Aliniambia nimvalishe koti, nimfunge na vifungo, usije ukamkuta kama mgonjwa. Nikamvalisha. Vidole vilikuwa vimevimba, mkono ukapita kwa shida. Goweko alisema kwa midomo tu. Mara akafungua macho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Igalula. Hapo haikai sana." Hakusema tena.

Majirani walikuwa wameshajaa ndani treni ilipopiga honi ikiingia stesheni. Wanawake walikuwa wanalia, nami nikainuka katikati yao nikatoka. Walidhani nakwenda kulia peke yangu. Nikasimama barazani nikitazama njia itokayo stesheni. Abiria wakaanza kupita, wenye mabegi, wenye kuku, mama mmoja na watoto mapacha, na wazee wawili watatu wenye kofia. Kila mzee nilimtazama usoni. Nilijua hukupanda, Baba Mdogo. Uongo ule niliutunga mimi mwenyewe. Lakini sikuondoka pale mpaka njia ikawa tupu.

Mwanao,
Nyamizi